Tumbo la Kiboko

Jumamosi, 3 Juni 2023

Siku gani hii! Nimeamka saa kumi na moja kupika. Kuku watatu, pondu ya majani ya muhogo, samaki wa chumvi makayabu, ndizi. Nimevaa liputa jipya, kitenge kile cha kijani. Leo ukoo wa Lionel wamekuja kubisha hodi, kumposa Fanny wangu. Mtoto wangu mmoja tu. Mimi mwenyewe hakuna mtu aliyewahi kunibishia hodi – baba yake Fanny aliahidi, akapanda boti kwenda Kinshasa, hadi leo anapanda. Kwa hiyo Fanny ni mtoto wa ukoo wetu, na mimi na mdogo wangu Papy ndio tuliokaa kuwapokea wageni. Papy amekuja kutoka Yanonge na shati limepigwa pasi.

Kila kitu kilikwenda vizuri hadi Papa Célestin akauliza: babu yenu huko Yanonge ni nani? Célestin ni tonton ya Lionel, ndugu wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipokufa. Mtu mpole, fundi wa nyavu, anakaa mtaa wa Simi-Simi. Papy akajibu kwa kifua mbele: Lukumani! Mzee akaweka glasi chini. Halafu akauliza polepole kama kwetu kuna mamba wa kuchongwa, wa mti.

Yupo. Tangu nizaliwe yuko juu ya kabati la jikoni kwa mama, Yanonge. Hakuna aliyewahi kutuambia ni wa nini.

Célestin akaeleza. Lukumani na babu yake yeye waligombania mahali pa kuvulia samaki, chini ya Isangi. Damu ilimwagika. Mwisho wakachoka, wakachanjiana damu. Wakachukua gogo moja, wakalipasua katikati. Kila mmoja akachonga nusu yake: Lukumani mamba, yule mwingine kiboko. Tangu siku hiyo watoto wao wote ni ndugu. Na ndugu hawaoani. Dada yake Célestin aliolewa na kijana wa kwetu. Mwaka 1986 mtumbwi ulipinduka, akafa maji yeye na mtoto mgongoni.

Ile ajali naikumbuka. Mtumbwi ulikuwa umebeba magunia kupita kiasi. Lakini huwezi kubishana na mtu anayemlilia dada yake.

Fanny alitoka nje. Lionel akamfuata. Kuku wamebaki.


Jumapili, 4 Juni

Baada ya misa Célestin amerudi na kitu kwenye kitambaa. Kiboko! Mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Mweusi tii. Mdomo mpana, masikio mawili madogo, moja limekatika. Miguu mifupi, imechongwa ubavuni tu. Mzito! Nilivyompokea mkono ulishuka.

Ukweli lazima niseme, hata kwenye daftari langu mwenyewe: nilisahau harusi. Kwa dakika nzima nilisahau. Nilimgeuza, nikampiga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza. Mti gani? Wa lini? Nani alimshika?

Célestin aliniona. Akasema: "Mama Fanny, batu yote kwa beach ya boti banasema weye unajua mbao. Mukuwe naye. Muangalie. Kama iko ya kweli, batoto ni ndugu, basi. Kama ni bongo, ya kudanganya, bon, miye nitafurahi wa kwanza."

Tumekubaliana: Papy arudi Yanonge kumleta mamba, na Jumapili ya tarehe 25 tukutane kwangu, pande zote mbili. Nitasema nilichoona.

Miaka ishirini na mbili nipo kwenye depo ya mbao. Napima, nanusa, naandika. Wameniletea mbao za tiama wakiziita sapelli ya bei, wameniletea soda ili macho yangu yalegee. Mti haujawahi kunishinda. Sasa wamenipa kiboko.


Jumatatu, 5 Juni

Nimechukua ruhusa ya asubuhi. Nimefunga mlango. Meza, lupu yangu ya depo, kile kioo cha kukuzia, taa ya simu, pamba. Alikoli nimenunua kwa Kavugho, Mnande wa duka la jumla kwenye kona. Kaniuliza nani ameumia. Nikamwambia kiboko. Akacheka, akaniongezea pamba bure.

Kwanza nimenusa. Kitu kilichokaa miaka themanini chini ya paa la jikoni kinanuka moshi, na mafuta ya mawese yaliyochacha. Huyu ananuka... viatu! Siraji! Ile ile nyeusi ya kopo, ya wanafunzi Jumatatu asubuhi. Nimepitisha pamba yenye alikoli mgongoni. Pamba imekuwa nyeusi kama makaa.

Nimemwita Fanny kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Nimemwonyesha pamba. Kiboko kimepakwa siraji, tena juzi juzi, ilikuwa bado inanata kwenye mikunjo ya shingo! Mtu anayepaka kitu siraji anataka kionekane cha zamani. Na cha zamani cha kweli hakihitaji siraji. Fanny akanirukia shingoni. Akampigia Lionel simu, akacheza ndombolo peke yake uani, na ndoo mkononi.

Nimekula vizuri leo.


Jumatano, 7 Juni

Sijatulia. Ningenyamaza tu, si kweli? Pamba nyeusi ninayo. Lakini nimeendelea kupangusa – nani alinituma?

Chini ya siraji hakuna ubao mpya. Hilo ndilo linalonisumbua. Ubao mpya ungekuwa na makali kwenye pembe, na mikato ya kisu ingekuwa safi. Huyu pembe zake zote zimelainika. Sikio lililokatika, mahali lilipokatikia pamelainika pia, kwa hiyo lilikatika zamani sana. Rangi ni ya kijivujivu, kama mlango uliooshwa oshwa. Na pamba ya tano haikuwa nyeusi tena. Ilikuwa nyekundu ya machungwa.

Hiyo naijua nikiwa nimefumba macho. Padouk. Mti wa ngola, ule unga mwekundu waliojipaka bibi zetu mwilini. Ukiuloweka kwenye maji hausemi kitu. Ukiupa alikoli unatapika rangi.

Basi nina kitu cha zamani kilichopakwa rangi ili kionekane cha zamani. Nani mwenye akili anafanya hivyo? Na moshi umekwenda wapi? Mafuta je?

Fanny amepita nyuma yangu, ameona pamba nyekundu. Ameuliza kama hiyo ni nzuri au mbaya. Nimesema bado naangalia. Hakupenda hilo jibu.


Ijumaa, 9 Juni

Simi-Simi, kwa pikipiki, baada ya kazi. Célestin hakuwepo. Nilimkuta koko Priscille, mama yake na bibi ya Lionel, amekaa kwenye kiti cha plastiki anachambua mchicha. Miaka tisini, macho mazima. Nikamwuliza tu: koko, kiboko kilikuwa kinakaa wapi?

Loo, alifunguka! Zamani kilikuwa juu ya jiko, ndiyo, cheusi kwa moshi. Lakini alipoingia kanisa la maombi, mchungaji akasema vitu vya mababu vichomwe. Yeye akaona huruma, kitu cha mume wake. Badala ya kukichoma akakiosha! Mchanga wa mto, majivu na sabuni ya mawese, kila Jumamosi, mwezi mzima, mpaka pepo akatoka. Alivyoona kimekuwa cheupe akajua kimeokoka. Tangu hapo akakitumia kuzuia mlango upepo usiupige. Wajukuu wakakipanda kama farasi. Lionel pia! Ndiyo maana mgongo umekuwa laini hivyo.

Nilicheka hadi mchicha ukamwagika. Na huku nacheka, kila neno lake lilikuwa linakirudisha kiboko upande wa ukweli.

Célestin akafika. Nikamwonyesha pamba nyeusi. Mzee wa miaka sitini na kitu akainama kama mwanafunzi. Akasema: "Niliogopa, Mama Fanny. Iko myeupe sana, Mama aliikwangula. Nilijisemea, batasema ni kitu ya soko. Njo nikapaka siraji, ifanane vile ilikuwaka." Akaongeza kwamba usiku ule hakulala, kwa aibu.

Nimemhurumia. Hakudanganya juu ya kiboko, alitaka tu kukisaidia kusema kweli. Nimemwuliza kama anamchukia Fanny. Akashtuka. Akasema Lionel ndiye mtoto pekee ambaye mto umemwachia, na hataki kuupa sababu ya kumchukua.


Jumatatu, 12 Juni

Nimemwambia Fanny mambo ya koko Priscille. Nilidhani atacheka. Hakucheka.


Alhamisi, 15 Juni

Leo nimemgeuza kiboko chali. Sijui kwa nini sikuanza na tumbo! Mtu anatazama uso kwanza, hata mimi.

Mwili wote umechongwa kwa tezo na kumaliziwa kwa kisu, alama zipo, ndogo ndogo, safu kwa safu. Tumbo halijachongwa. Halijaguswa kabisa. Wala halikukatwa kwa msumeno. Limepasuliwa. Kabari imepigwa kwenye gogo, gogo likaachana lenyewe kufuata nyuzi zake. Kuna mabonde, kuna vilima, kuna mahali nyuzi zimezunguka kifundo zikapinda. Ni kama ukimega mkate: hakuna mkate mwingine duniani utakaokaa kwenye ule mmego.

Sasa nimeelewa! Wale wazee hawakuwa wajinga. Hawakujua kuandika, wakaandika kwenye tumbo. Mamba wa Papy, kama ndiye, tumbo lake litakuwa na bonde palipo na kilima hapa. Ukiwalaza tumbo kwa tumbo watashikana bila gundi. Hakuna haja ya umri, siraji wala moshi. Ni mti mmoja au ni miti miwili.

Nilifurahi sana hata nikamweleza Fanny yote, mezani, huku nikimwonyesha kwa vipande viwili vya muhogo. Alinisikiliza vizuri. Akauliza maswali mazuri pia – je, wakikwanguliwa kidogo bado watashikana? Nikasema hapana, hata unene wa kucha unatosha kuharibu. Nilimwona anafuata, nikajivunia. Ameurithi mkono wangu, huyu.


Jumamosi, 17 Juni

Mpumbavu mimi. Mpumbavu!

Nimerudi kutoka depo saa nane. Kiboko alikuwa mahali pake, kwenye kitambaa chake, lakini fundo la kitambaa ni la mkono mwingine. Nimemgeuza. Tumbo jeusi. Linang'aa. Siraji! Nimefikiri nimechanganyikiwa. Pamba, alikoli – na chini yake wekundu mbichi, mkali, kama tofali lililopasuka leo. Mabonde hakuna. Vilima hakuna. Laini kama meza.

Padouk ya zamani haina wekundu ule. Unazimika ukikutana na hewa na jua. Huo ni wa jana au leo.

Randa yangu ilikuwa kwenye sanduku, imepanguswa. Imepanguswa mno, mimi siipangusi hivyo. Nyuma ya choo vumbi jekundu limefunikwa kwa mchanga. Na Fanny jikoni, anakata vitunguu, mistari myekundu chini ya kucha.

Sikupiga kelele. Nilimshika mkono tu, nikaugeuza. Hakukana.

Nikamwambia ameharibu kitu ambacho watu wawili walikufa wakikiamini. Akasema wao wamekufa, yeye bado. Nikamwambia Célestin alituachia kwa kuamini. Hapo akalia. Akasema: "Mama, siku ile pamba ilitoka nyeusi, ungeacha. Kila mutu alikuwa na furaha. Lakini hapana, ulirudia. Ulienda mpaka Simi-Simi! Weye unapenda kujua kuliko unanipenda miye."

Nimekaa uani mpaka jua likazama. Inauma, maana si uongo wote.


Jumapili, 18 Juni

Sikwenda misa. Nimesema kichwa kinauma. Kinauma kweli.

Fanny aliniletea chai, akaiweka, akatoka. Tunapishana mlangoni kama wapangaji.


Jumanne, 20 Juni

Papy amefika na boti ya jana jioni, na mamba ndani ya gunia la mkaa, kichwa kinatoka nje. Abiria wawili walihama upande wa pili, anasema, kwa hofu, na yeye akapata nafasi ya kulala. Asubuhi amekwenda sokoni kuuza samaki wake wa moshi. Fanny amekwenda chuo. Nimebaki na wanyama wawili.

Mamba ni mweusi wa kweli, wa jikoni kwa mama. Harufu yake ilinipeleka Yanonge moja kwa moja. Padouk pia – pamba moja ilitosha. Mikato ya tezo ileile, midogo, inainamia kushoto. Mchongaji mmoja? Mkono wa kushoto? Tumbo limepasuliwa, zima, hakuna aliyeligusa.

Nimewalaza tumbo kwa tumbo. Wanacheza, hawashikani. Mamba ana kilima na kiboko hana bonde tena. Basi, nikasema. Imekwisha. Hakuna mtu atakayejua, hata mimi. Na nilihisi nafuu, naapa.

Ilidumu labda robo saa.

Kwenye tumbo la mamba kuna tundu la dudu. Dogo, la mviringo, lingeweza kumeza kijiti cha kiberiti. Si la dudu wa mbao kavu, hao wanaacha unga na vitundu vingi. Hili ni la mti uliokuwa hai, ukuta wake mweusi, dudu alipita akiwa na haraka zake kabla ya mtu yeyote kushika shoka. Linaingia kwa mshazari. Nikajiuliza: lilikuwa linatoka wapi?

Nimemgeuza kiboko. Sioni kitu. Siraji na vumbi vimeziba. Nimechukua sindano nikafuata mkondo wa nyuzi, pole pole. Karibu na mguu wa nyuma, ncha ikazama. Tundu! Lilelile, ukuta mweusi, mshazari uleule, linatokea juu kwenye mkunjo wa paja. Randa haiwezi kufuta shimo, inalifupisha tu.

Nimechomoa njiti ya gurudumu la baiskeli ya zamani iliyoko nyuma ya nyumba. Nimeinyoosha. Nimewalaza tena tumbo kwa tumbo, nikasogeza kidogo, nikasukuma njiti kupitia kiboko. Ilisita. Nikasogeza mamba unene wa uzi. Ikapita. Ikaingia ndani ya mamba, ikaenda, ikaenda, mpaka imebaki kidole kimoja tu nje.

Nikacheka kwa sauti! Peke yangu, na mikono yote miwili juu, kama mtu aliyefunga goli. Gogo moja! Dudu mmoja! Miaka themanini, tisini, labda mia, dudu yule amekaa anangoja mtu mwenye njiti ya baiskeli!

Halafu nikaona sandali za Fanny mlangoni, zile za nyumbani, tupu.

Nimechomoa njiti. Nimeiweka juu ya kabati. Nimewafunga wote wawili, kila mmoja kitambaa chake. Hakuna anayejua. Papy amerudi na mikate, akaniuliza mimi dada yake: "Yaya, bale banyama banasema nini?" Nikasema wananuka.


Alhamisi, 22 Juni

Nafikiri kazini, nafikiri njiani, leo nimeandika urefu mara mbili kwenye ukurasa mmoja, bosi akaniangalia.

Ubao unaweza kusema mti. Hauwezi kusema kiapo. Nani aliyesikia Lukumani akiapa? Labda waliapa kugawana samaki tu. Labda hayo ya ndoa yaliongezwa baadaye na shangazi fulani mwenye mdomo. Naweza kusema hivyo Jumapili. Lakini Célestin hataniuliza juu ya kiapo. Ataniuliza juu ya mti.

Na kama mtumbwi wa Fanny na Lionel utapinduka siku moja? Siamini. Siamini hata kidogo. Mbona basi nimeandika?


Ijumaa, 23 Juni

Lionel amekuja kutengeneza paa la jiko bila kuitwa. Kijana huyu akipiga misumari hasemi, kazi inakwisha. Alipomaliza nikampa maji, nikamwuliza waziwazi: ikisemekana ni kweli, utafanya nini?

Akageuza glasi mikononi muda mrefu. Akasema: "Mama, miye namupenda Fanny. Lakini tonton alilala na njaa ili miye nisome. Kama iko ya kweli, siwezi kumupita juu." Akaniangalia kwa tumaini ambalo lilinifanya nitazame misumari. Akaongeza kwamba Fanny amemhakikishia si ya kweli. Hajui ya randa. Fanny hakumwambia.

Nilifurahi kwamba ni mtu wa heshima na nikakasirika kwamba ni mtu wa heshima.


Jumapili, 25 Juni

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya mfuko wa muhogo. Nimewaambia naenda kuangalia pondu isishike chini.

Wamekuja wote. Célestin na koti licha ya joto. Koko Priscille ameletwa na pikipiki, amekaa kati yangu na mlango kama jaji. Lionel, Papy, mimi. Fanny anazungusha maji ya kunawa. Kavugho pia – hakualikwa, ameleta kreti ya soda na kukaa.

Wanyama walikuwa mezani. Nimeeleza kwa kifupi: padouk wote wawili, wa zamani wote wawili. Siraji ya kwanza Célestin ameisema mwenyewe, mbele ya wote, sikumlazimisha. Koko Priscille akamfinya sikio! Watu wakacheka, hewa ikawa nyepesi. Halafu nikaeleza habari ya tumbo. Sikutaja randa, wala siraji ya pili iliyobaki tumboni. Nikasema tu: jaribuni.

Célestin akawachukua yeye mwenyewe. Akawalaza tumbo kwa tumbo. Wakacheza. Akageuza. Wakacheza. Akajaribu kichwa kwa mkia. Mikono yake ya kufuma nyavu inajua kugusa, na nilimwona anapapasa ule ulaini, anasita, anapapasa tena. Papy akapiga kelele ya furaha, akafungua bia kwa meno. Lionel akafunika uso. Fanny akasimama na birika mkononi, haonyeshi kitu.

Nilidhani mzee atafurahi. Ndivyo alivyosema tangu mwanzo, atafurahi wa kwanza. Lakini aliwaweka chini taratibu, akanigeukia mimi, na machozi yamejaa. Akasema: "Mama Fanny, macho yangu haiko ya mbao. Miye sitauliza maneno mingi. Mti moja, ao miti mbili? Ukisema mbili, niko nabariki batoto leo leo, na ile hofu ya dada yangu naitupa, sitaikamata tena. Ukisema moja, narudi na mutoto wangu, bila kisirani. Neno yako tu."

Wote wakanitazama. Njiti iko juu ya kabati, juu ya kichwa chake kabisa. Midomo yangu ilifunguka, naapa ilifunguka, na sikujua ni neno gani lilikuwa linatoka. Ndipo nikasema pondu.

Miwili. Ni neno jepesi. Mzee angelala usiku kwa mara ya kwanza tangu 1986. Lionel angemwoa Fanny. Ningevaa liputa la kijani. Nani ananidai?

Mmoja. Ni neno jepesi vilevile.

Fanny ameingia sasa hivi. Nilijiandaa. Nilidhani atapiga magoti, atanishika miguu, na kusema kweli nilikuwa namngoja afanye hivyo. Ameweka birika chini. Ametazama juu ya kabati, kupitia mlango, kisha amenitazama mimi. Alijua! Tangu lini? Amesema kwa sauti ndogo: "Niliona ile rayon ya baiskeli juu ya kabati, siku ya ine, ile Alhamisi. Nilijaribu miye pia. Inapita." Halafu akasema: "Mama, sema vile iko. Miye sitakasirika." Akanifuta siraji shavuni kwa kidole chake, akachukua birika, akarudi kwao.

Angelia ningejua la kufanya.

Nasikia koko Priscille anauliza kama tunawachinja kuku au tunawangoja watage. Lionel anacheka, cheko la mtu anayeogopa. Papy ananiita: "Yaya, pondu imeiva?"

Nimejibu bado kidogo. Moto niliuzima tangu saa tano.